Malkia Upande wa Kushoto

Tangu aoe, Kidole hakuwahi kumshinda shemeji yake katika sataranji hata mara moja, na jambo hilo lilimkera kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Mbele za watu alicheka. Alisema mchezo ni mchezo tu, mtu anashinda, mtu anashindwa, maisha yanaendelea. Lakini akifika nyumbani alikaa kitandani na kuurudia mchezo mzima kichwani mpaka mkewe anamwambia azime taa, kaka yake hawezi kushindwa na mtu anayecheza na shuka.

Huyo kaka, watu wa kazini walimwita Mwewe. Alikuwa dereva wa kreni kwenye jengo lililokuwa likipanda ghorofa juu ya ghorofa, na kutoka kwenye kile kibanda chake cha angani alikuwa anaona msumari ukidondoka. Kidole alikuwa mtu wake wa chini, mpiga ishara: kofia ngumu kichwani, mkono hewani. Kidole kikizunguka, mzigo unapanda. Ngumi ikifungwa, kila kitu kinasimama. Mafundi walisema wale wawili hawakuhitaji hata redio za mkononi, wanasomana kama mke na mume, tena mke na mume waliopatana.

Mapumziko ya mchana walicheza chini ya ngazi, ubao wenyewe ukiwa kipande cha plaiwudi kilichochorwa miraba kwa penseli ya seremala. Pale palikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyejua nani aliitunga: bingwa anashika kete nyeusi. Anayetaka kumvua ubingwa anapewa nyeupe, aanze yeye, ili akishindwa asiwe na la kusema. Mwewe alikuwa ameshika nyeusi muda mrefu kiasi kwamba hata kile kindoo alichokalia hakuna mtu mwingine aliyethubutu kukikalia.

Na kama kulikuwa na kitu Mwewe alikidharau duniani, ni mtu kumtoa malkia mapema.

"Malkia si wa kutumwa dukani alfajiri," alikuwa akisema huku akimtikisia mtu kichwa. "Unamtoa peke yake, ndugu zake wote bado wamelala. Mimi namsukuma askari mmoja tu, malkia anakimbia. Namrusha farasi, anakimbia tena. Wewe umehangaika na kete moja mchezo mzima, mimi nimeshaamsha nyumba yangu yote. Halafu unaniuliza umeshindwaje."

"Lakini shemeji, mbona kuna watu wanakufa hapohapo?" Kidole aliwahi kumuuliza. "Malkia na askofu wanamwendea yule askari aliye ubavuni kwa mfalme, kwisha habari."

"Anakufa asiyetazama. Mchezo ule unamla asiyetazama tu. Anayetazama unamnenepesha."

Halafu asubuhi moja Mwewe alianguka bafuni. Mkewe, ambaye ni fundi cherehani na alikuwa sebuleni akishona, alisikia ndoo ikibingirika, akamkuta chini, mdomo umekwenda upande na mkono wa kushoto umelala kama si wake. Kiharusi, wakasema hospitali, lakini kidogo. Na kweli, polepole mdomo ulirudi mahali pake. Mkono ukarudi. Mguu nao ukarudi, ukiburuta kidogo tu akichoka. Daktari wa kampuni alimwambia abane vidole vyake, anyanyue mikono, atembee mpaka mlangoni na kurudi. Mwewe akabana mpaka daktari akasema inatosha. Akaandikiwa kwamba Jumatatu apande kreni, na msimamizi wa kazi akashangilia, maana dereva aliyeshika nafasi alikuwa na mwendo wa kobe.

"Nikikaa chini nitaoza," Mwewe aliwaambia wote waliomshauri apumzike zaidi. Mtu aliyeishi juu vile, ukimwambia achunge kibaraza ni kama unamzika.

Kidole alikuwa akienda kumwona kila jioni akitoka kazini. Mara ya kwanza walipoweka ubao tena, mezani kwa Mwewe, Kidole alimtoa malkia mapema kwa utani. Hilo lazima lisemwe, kwa sababu ni kweli na kwa sababu ndilo alilolishika baadaye kama mtu anavyoshika tawi akiporomoka. Alitaka tu kusikia ile hotuba. Alitaka mgonjwa amkemee, wacheke, mambo yarudi yalivyokuwa. Akamsogeza malkia mpaka ukingoni mwa ubao, kushoto kwa Mwewe, akasubiri kutukanwa.

Mwewe hakusema kitu. Akatoa farasi wake wa kulia. Kidole akamleta askofu. Mwewe akamtazama huyo askofu, akatabasamu, akamrushia farasi kumtishia, kana kwamba hiyo ndiyo hatari pekee iliyokuwa pale mezani.

Kidole alisubiri kidogo, akidhani anategwa. Kisha akamshusha malkia ubavuni kwa mfalme, na mfalme akawa hana pa kwenda.

"Huyu malkia katoka wapi?" Mwewe aliuliza.

"Alikuwepo, shemeji."

"Nimechoka leo," Mwewe akasema, akaanza kuzikusanya kete.

Jamani, mtu akishinda hushinda. Kidole alirudi nyumbani miguu haigusi ardhi. Mkewe alipiga vigelegele, kisha akamzaba kofi la bega kwa kumshinda kaka yake mgonjwa, kisha akapiga vigelegele tena. Kesho yake kule kazini alisimulia mchezo ule akiwa amesimama, akautia chumvi hata wapika zege wakaacha koleo. Mafundi wa nondo walimbeba juu juu. Mchana ule ule wakamkalisha kwenye kile kindoo, wakamkabidhi nyeusi. Na jioni alirudi kwa shemeji yake, ambaye nyumbani kwake bado alishika nyeusi, akamtoa malkia tena, safari hii si kwa utani, akashinda tena.

Sahani ndiyo iliyomfumbua macho. Walikuwa wakila pamoja, na Mwewe akamaliza chakula chake, akanawa, akasukuma sahani. Nusu ya kulia ilikuwa nyeupe. Nusu ya kushoto haikuguswa hata kidogo, na katikati pamenyooka kama pamekatwa kwa rula.

"Siku hizi shemeji yako ananiachia nusu, ninenepe," mke wa Mwewe akasema akicheka. Akaizungusha sahani. Mwewe akatazama.

"Kumbe kipo bado," akasema, akaanza kula upya.

Kidole aliacha kutafuna. Aliutazama uso wa shemeji yake na kuona kwamba kidevu kimenyolewa upande wa kulia, wa kushoto umeachwa na ndevu za siku kadhaa. Alikumbuka bega la kushoto likigonga fremu ya mlango, na Mwewe akilaani waliosogeza mlango. Si kwamba macho yalikuwa mabovu. Ni kwamba kwa Mwewe, kushoto hakukuwapo tena, na mtu hawezi kutafuta kitu asichojua kwamba kimepotea.

Basi hapo, mezani pale, Kidole alijua kila kitu. Alijua ushindi wake wote ulikuwa nini. Na alijua Jumatatu ni nini.

Mwewe akajifuta mikono, akasema, "Leta ubao. Leo nalipiza kisasi."

Kidole angeweza kusema. Kama kusema kulikuwa kugumu, angeweza kusukuma askari wa katikati, akacheza kama watu. Alimtoa malkia. Mkono wenyewe ulikwenda, ndivyo alivyojiambia akirudi nyumbani, lakini mikono haina tabia ya kwenda yenyewe, na yeye ambaye kazi yake yote ni mkono alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Jioni zilizofuata aliendelea. Kila siku aliingia akiwa ameapa leo atasema, na kila siku alikuta sababu. Leo ana furaha, nisimharibie. Leo kuna wageni. Leo amechoka. Daktari kasoma, mimi nimesoma nini? Mimi nikisema, watasema Kidole anataka ubingwa wa ubao na bado anamnyang'anya mwenzake na kreni. Nafsi ilimsuta mpaka chakula kikawa hakipandi, na bado akifika mbele ya ubao, akiona ile kona wazi isiyo na mlinzi, utamu ulimshika. Alikuwa ameshindwa miaka yote ile. Hakuna aliyewahi kumhurumia.

Jumapili mchana alimkuta Mwewe sebuleni akipiga rangi viatu vya kazi. Suruali ya kazi ilikuwa imenyooshwa, imetundikwa mlangoni. Cherehani ilikuwa kimya. Mke wa Mwewe alikuwa akipitisha mikono kwenye fulana ya kung'aa gizani, akitafuta palipofumuka.

"Vimekuwaje?" Mwewe akaviweka viatu mezani.

Cha kulia kiling'aa hata ungejiona uso. Cha kushoto kilikuwa na vumbi na saruji ya tangu siku ile alipoanguka.

"Vizuri," Kidole akasema. Sauti yake mwenyewe ilimchukiza.

Aliiona Jumatatu. Furushi la nondo linanyanyuliwa, linazunguka kwenda kushoto. Kule kushoto mafundi wa nondo wamechuchumaa na koleo zao za kufungia waya, hawatazami juu, kwa sababu kwa miaka yote hawajawahi kuhitaji kutazama juu. Wanamwamini Mwewe. Na mbele yao amesimama yeye Kidole, ngumi imefungwa hewani, akimwambia simama, simama, mtu ambaye hauoni huo mkono.

"Tuweke ubao," akasema. "Lakini leo nipe nyeusi."

"Una wazimu? Nyeusi ni ya bingwa."

"Na bingwa ni nani?"

Mwewe aliutazama ubao. Aliumia, ilionekana, lakini sheria ni sheria. Akaugeuza ubao, akashika nyeupe. Kidole akamtoa malkia wake mapema, safari hii akampeleka kwenye ukingo ulio mkono wa kulia wa Mwewe. Farasi wa Mwewe akaruka papo hapo. Malkia akakimbia. Askari akasukumwa, malkia akakimbia tena. Kila alipokanyaga palikuwa na mtu anamngoja, na ndugu zake wamelala vilevile nyumbani, na mwisho Mwewe akambana kwenye kona, akamchukua kwa vidole viwili.

"Nimekwambia mara ngapi?" Mwewe alicheka mpaka akakohoa. "Si wa kutumwa dukani alfajiri! Mke wangu, unamwona bingwa wenu?"

Ilikuwa ile hotuba yenyewe, sauti ile ile ya siku zote. Kidole alitamani sana ibaki hapo. Moyo ulimwambia, umeona, ni mzima, nenda kwako. Akazipanga kete upya, akaugeuza ubao, akamrudishia Mwewe nyeusi. Akamtoa malkia mpaka ukingoni, upande wa kushoto.

"Shemeji," akasema. "Kabla hujacheza. Malkia wangu yuko wapi?"

"Ndiyo maswali gani hayo? Yuko kwake." Mwewe akaonyesha kwa kidole, na kidole kikakuta mraba mtupu. Akakunja uso. Akatazama kulia kwa ubao, katikati, kulia tena. "Umemtia mfukoni, wewe."

"Yupo ubaoni."

"Hayupo. Usinifanye mtoto."

Kidole alinyanyuka, akazunguka meza. Akamshika shemeji yake kidevu, mahali penye ndevu, jambo ambalo kwa heshima asingelifanya kamwe, akamgeuza uso taratibu kuelekea kushoto. Alihisi shingo ikikataa, kisha ikakubali.

Mwewe akamwona malkia. Akamtazama muda mrefu. Kisha, uso ukiwa bado mikononi mwa Kidole, akaliona dirisha, na kabati, na mkewe amesimama kando ya cherehani na fulana mkononi.

"Umeingia saa ngapi?" akamuuliza.

"Sijatoka," mkewe akasema. "Nimekuwa hapa wakati wote. Umeniita sasa hivi nimwone bingwa."

"Nilidhani uko jikoni."

Mwewe aliinua mkono wake wa kushoto, akautazama kama mtu anayepokea kitu cha mwenzake. Akageuza kichwa mwenyewe safari hii, akavitazama viatu mezani.

"Kwa hiyo ile mara ya kwanza uliponishinda," akasema, "ilikuwa hivi hivi."

"Ndiyo, shemeji."

"Na wewe umejua lini? Leo?"

Hapo ndipo palipokuwa na mlango. Neno moja tu, leo, na Kidole angetoka safi. Hata mke wa Mwewe alimtazama kana kwamba anampa hilo neno.

"Tangu ile siku ya sahani," Kidole akasema.

"Baada ya kula tulicheza."

"Tulicheza."

"Ukanitolea malkia."

"Nilimtoa."

"Na kesho yake. Na juzi."

"Ndiyo."

Mwewe hakupandisha sauti. Kidole angeshukuru kama angepandisha, angemrushia hata kiatu. "Kesho ungesimama wapi?"

"Palepale. Kushoto kwako."

"Na wale mafundi?"

"Nyuma yangu."

"Na bado ulikaa kimya. Kwa nini?"

Kidole alikuwa na sababu zote alizozikusanya njiani jioni zile, na sasa alipozitafuta hakuona hata moja inayoweza kusemwa mbele ya mtu. "Nilikuwa nashinda," akasema.

Mwewe akaitikia kwa kichwa, polepole. Akanyoosha mkono kwa mkewe, akapewa simu, akampigia msimamizi. Sauti ya msimamizi ilijaa sebule nzima, ikianza kwa utani kwamba kreni imemlilia mno.

"Sipandi kesho," Mwewe akasema. "Sioni kushoto. Hapana, si macho. Kichwa. Kiharusi kimekichukua. Ningewaua watu, mkubwa."

Upande wa pili utani ulikatika. Kisha msimamizi akauliza nani kagundua, maana daktari hakusema kitu.

Mwewe alimtazama Kidole. "Shemeji yangu. Ameliona leo hii, tukicheza. Hakusubiri hata kidogo, akaniambia hapohapo. Kaniokoa, na kawaokoa na vijana wako."

"Nipe niongee naye!"

Kidole alitikisa kichwa, hapana, lakini simu ilikuwa imeshawekwa mkononi mwake. Alisimama katikati ya sebule ile akishukuriwa. Msimamizi alimwita mwanamume. Alimwambia watu wa aina yake ni wachache, kesho atasimama mbele ya wafanyakazi wote alitaje jambo hili, wajifunze. Kidole alijibu ndiyo mkubwa, ndiyo mkubwa. Mke wa Mwewe alikuwa ameishusha suruali mlangoni, anaikunja, machozi yakimtiririka bila sauti. Hakumtazama.

Simu ilipokatika, Kidole alisema, "Kwa nini umemwambia vile?"

"Kwa sababu utaendelea kusimama chini ya kreni, na mtu mwingine atakuwa juu. Akijua ulivyo, hatauamini mkono wako. Na mkono wako ukikosa kuaminiwa, watakufa watu walewale." Mwewe akaanza kuzirudisha kete kisandukuni, akigeuza kichwa kila mara kuzitafuta. "Nenda nyumbani."

"Nitamwambia mke wangu ukweli."

"Utamwambia nini? Kwamba kaka yake alikaa mbele yako haoni, nawe ukawa unashinda? Yule ni dada yangu. Atalia kwa ajili yangu, halafu atalala kitanda kimoja na wewe akiwa na hilo kichwani. Hapana. Hilo ubebe peke yako."

Kidole akatafuta neno la kuomba radhi, na lililokuja lilikuwa dogo mno, akaliacha. Akatoka. Barabarani alitembea kando kabisa ya ukuta, kama mtu asiyetaka kuonwa, ingawa hakuna aliyekuwa akimtazama.

Habari zilikuwa zimefika kabla yake. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, simu mkononi, macho mekundu. Hakumpa nafasi ya kufungua mdomo. Alimkumbatia kwa nguvu, uso wake ukalowesha shati la Kidole begani, akasema asante, mume wangu, asante, umenirudishia kaka yangu. Kidole akanyanyua mikono yake, akamkumbatia naye, akamwacha aendelee kushukuru.